Kaburi Kwenye Mstari wa Vigingi

Vigingi vile tulivikuta Jumamosi, tukitoka kanisani. Vilikuwa vimechongwa vizuri na kupakwa rangi nyekundu vichwani, navyo vilipita sehemu ya chini ya shamba letu la Kiogoro, karibu na kijito, vimenyooka kama uzi wa fundi. Kimoja kilipigwa katikati ya migomba ya mama. Hakuna aliyekuwa ametuuliza.

Kilichonikera zaidi ni siku yenyewe. Kwetu Jumamosi ni Sabato, na kila mtu wa kilima kile alijua kwamba asubuhi hiyo nyumba hubaki na mbwa na kuku tu. Nilijiambia kwamba mwenye nia njema huja wakati wenyewe wapo. Anayengoja watu waende ibadani ndipo aingie shambani mwao ni ndugu yake mwizi wa kuku.

Tata, maana ndivyo Wakisii tunavyomwita baba, alikizunguka kile kigingi cha migombani, akakisukuma kwa kidole cha mguu.

"Mti mzuri," alisema. "Wangetuletea vingine kidogo, tungejenga banda la mbuzi."

"Tata, hapa ardhi inachukuliwa."

"Inachukuliwa iende wapi? Mimi naiona palepale."

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Kutoka kilimani kwetu tuliona mji wa Kisii ukitambaa kuja upande wetu: paa jipya la mabati leo, jengo la ghorofa kesho, na mahali tulipozoea kulisha ng'ombe pakawa na uzio. Wengi walifurahi. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikifundisha shule ya msingi bila cheti cha ualimu, na kwa kuwa katika ukoo wetu hapakuwa na mwingine aliyesoma kufika hapo, niliona ni wajibu wangu kunusa hila kabla ya wengine. Mtu akishajiona mlinzi, kila kivuli huwa mwizi.

Katika kitabu chetu cha jiografia kulikuwa na picha ya mji wa Ulaya. Treni ndogo, si zile za mizigo, zilipita barabarani katikati ya watu na maduka, na nyumba zilikuwa zimejipanga pande zote mbili za reli hadi mwisho wa picha. Mwalimu wetu alitueleza kwamba reli hutangulia na mji hufuata. Nilipoutazama ule mstari wa vigingi niliikumbuka picha ile. Ni kitu gani kingine hunyooka hivyo?

Siku chache baadaye mpimaji wa ardhi aliyevipiga vigingi vile alirudi. Alikuwa mtu wa mbali, asiyejua Kikisii, mwenye kofia ya kitambaa na darubini ya miguu mitatu. Tata alimchagulia ndizi mbivu, akamkalisha kwenye kigoda, akaniita nitafsiri kwa Kiswahili.

"Muulize kama amekula."

"Tata, kwanza nimuulize vigingi ni vya nini."

"Mtu huulizwa akiwa ameshiba, mura," alisema, yaani kijana.

Mpimaji alikula ndizi tatu. Nilipomuuliza, alifuta mikono kwenye suruali, akatazama upande wa mjini.

"Ni kazi ya mji, bwana. Mji unakua. Mimi napima tu, wenye mpango watakuja."

"Watakuja lini?"

"Hilo siwezi kusema."

Hakuweza au hakutaka? Usiku ule na siku nyingi baadaye nililigeuza jibu hilo kichwani. Tata alipouliza amesema nini, nilimwambia, "Amesema wenye mpango watakuja." Kisha nikaongeza la kwangu: "Ni reli, Tata. Watapitisha treni za mjini hapa, na nyumba za matajiri zitafuata."

Nilitarajia akasirike. Badala yake uso ulimng'aa. Ujanani alikuwa amechuma chai Kericho, na mara moja alisindikiza mzigo hadi Kisumu akaiona treni stesheni. Hakuwahi kuisahau.

"Basi nitakaa hapa mlangoni pangu," alisema, "niwapungie mkono abiria. Na nikifa nitawaona vilevile."

Mahali alipopaonyesha ni upande wa kulia wa mlango wa nyumba yake. Kwetu mwanamume huzikwa hapo, na mkewe upande wa kushoto, mtu na nyumba yake. Tata alipapenda mapema. Asubuhi aliota jua papo hapo, na mama alipotaka kupanda mboga alimzuia: "Hicho ni kitanda changu, usinipandie sukuma."

Habari ya treni niliipeleka sokoni mwenyewe. Niliwaeleza watu kuhusu picha, reli na wenye mpango. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza, "Mwalimu, hiyo treni itasimama hapa Kiogoro, au itatupita tu kama wewe unavyotupita ukitoka shule bila salamu?" Walicheka sana. Lakini Jumapili iliyofuata niliona watu wamesimama kwenye mipaka yao wakitazama vigingi kwa mikono iliyofungwa nyuma. Wasiwasi wangu ulikuwa umepata miguu. Na habari iliponirudia kutoka midomo ya watu wengine, imeongezewa stesheni na polisi wa kutuhamisha, niliiona kama ushahidi. Nilisahau kwamba ilitoka kwangu.

Mvua za masika zilipoanza, Tata alishikwa na homa ya mapafu. Haikumweka kitandani sana. Alifariki akiwa amemshika mama mkono, akiuliza kama mbuzi wameingizwa.

Asubuhi, jamaa walipokusanyika uani, vijana walikuwa tayari wameshika majembe na kusimama kwenye kile kitanda chake cha kulia kwa mlango. Nikawaambia wangoje.

"Azikwe kule chini," nilisema. "Kwenye mstari wa vigingi."

Mama, aliyekuwa amekaa chini amejifunga leso kiunoni, aliinua uso.

"Mura, baba yako alikuonyesha mahali."

"Alinionyesha, mama. Lakini akilala hapa, watachukua shamba la chini, halafu watapanda hadi mlangoni. Akilala kule, hawatathubutu. Serikali yoyote huogopa kaburi. Atatulindia shamba."

"Atawalindia? Mtu amekufa, nawe unampa zamu?"

Baba mdogo alikohoa. Alikuwa mtu mzuri, ila aliheshimu mno shule kwa sababu hakuiingia. "Huyu ndiye aliyesoma," aliwaambia wengine. "Ameona kitabuni yanayokuja. Sisi tunajua nini?"

Mchungaji naye alisema udongo ni udongo, na aliyelala katika Bwana hulala popote. Hivyo nikapata kibali cha shule na cha kanisa. Mama aliinuka akaenda kukaa na ndugu zake. Alizaliwa upande wa Ikonge, na watu wake walikuwa wamekuja mazishini; niliona wakinong'onezana wakinitazama.

Tulimteremsha Tata kwenye utelezi, wabebaji wakishikana mabega wasianguke. Tuliling'oa kigingi kile cha migombani ili tuchimbe. Karibu na kijito ardhi ni ya majimaji, na kaburi lilianza kuvuja kabla halijafika kina. Tuliteka maji kwa ndoo. Yalipungua, yakarudi. Mwishowe tukamteremsha hivyohivyo, na sauti ya jeneza likitua haikuwa kavu. Mama aliisikia. Nilijua ameisikia kwa sababu aliacha kulia.

Mvua zilipokwisha, mpimaji alirudi na watu wenye sururu. Nilimngoja kaburini, nimejiandaa kwa hotuba. Alivua kofia.

"Ni yule mzee wa ndizi?"

"Ndiye. Sasa pitisheni reli yenu."

"Reli gani?"

"Hii mnayopima."

Alianza kucheka, kisha akauona uso wangu, akaacha. "Bwana, hili ni bomba la maji. Maji yanakwenda mjini. Reli itapandaje milima hii?"

Sikumwamini. Nilimtaka anionyeshe, naye akanionyesha mabomba yaliyolazwa kando ya barabara juu kule, meusi, marefu. Hata hapo nilitafuta pa kushika.

"Mbona ulipiga vigingi Sabato, watu wakiwa kanisani?"

"Siku nyingine njia hii imejaa watu na ng'ombe. Wananikanyagia mnyororo wa kupimia. Na wengine, ukiwapa nafasi, huving'oa." Alilitazama tena kaburi. "Lakini kwa nini mmemzika kwenye maji hivi? Mngesema tu hamtaki tupite. Tungezunguka."

Na kweli walizunguka. Iliwachukua asubuhi moja kupinda mtaro hatua chache pembeni, nao wakaendelea zao. Bomba lilifukiwa, nyasi zikaota. Sisi hatukupewa mfereji wa kutekea hata mmoja. Maji yalipita shambani mwetu yakaenda kuogwa na watu wa mjini, na mama akaendelea kuteka kijitoni. Basi wako walionisifu. "Mwalimu, wewe uliona! Walikuja kula tu." Nusu ya shaka yangu ilikuwa ya haki, na hilo ndilo lililonichelewesha kukiri. Kwa miaka kadhaa nilijificha nyuma ya nusu hiyo.

Mama hakunilaumu kwa neno. Alifagia tu. Kila asubuhi alifagia kile kitanda kitupu kulia kwa mlango, na mtu akitaka kuketi hapo alimwambia, "Huyo mwenyewe ametumwa mahali, atarudi." Mara ya kwanza wageni walicheka. Mimi nilitoka nje.

Miaka ya sabini ilipofika katikati, nyumba yake ya nyasi ilikuwa inavuja. Nilikuwa nimeanza kuuza majani chai, nikamwahidi nyumba ya mabati.

"Utaijenga wapi?" aliuliza.

"Hapahapa, mama."

"Jenga kule chini."

"Kule kuna unyevu. Utapata kifua kama Tata."

"Ndiyo maana nakwenda. Yeye amelala kwenye unyevu huo peke yake." Aliendelea kupepeta wimbi bila kunitazama. "Kanisani wanasema siku ya parapanda wafu wataamka. Baba yako ataamka, aangalie huku na huku, asione mlango. Atadhani nilimfukuza. Wewe utakuwepo umweleze habari ya treni?"

Niliinama nikaokota punje za wimbi zilizomwagika.

"Kaburi haliwezi kupanda kilima," alisema. "Nyumba inaweza kushuka."

Ndugu zangu walisema amechanganyikiwa. Safari hii sikuwaachia nafasi. Nilichimba mitaro ya kutoa maji, nikainua msingi kwa mawe niliyoyabeba mwenyewe, nikajenga. Kwenye mstari wa zamani nilimkuta mama akifungia mbuzi kwenye kigingi kilichobaki, rangi imekwisha. Siku ya kutia mlango alishuka na kigoda chake, akasimama kwenye uwazi wa ukuta akitazama nje. Kaburi lilikuwa mbele yake, kidogo kuelekea kulia.

"Si hapo," alisema. "Hapo ananikabili kama mdai. Awe kulia."

Fundi alinong'ona kwamba fremu imekwisha kupigiliwa misumari. Nilimwomba nyundo. Niling'oa fremu, nikabomoa udongo upande mmoja, nikaziba upande wa pili, nikaisogeza. Mama alisimama tena, akatazama.

"Bado kidogo."

Nikaing'oa tena.