Mzee Waya Akagua Koo Lake

Miaka thelathini Mzee Waya amesuka nyavu za waya za kuzungushia nyumba za watu, na kila kazi aliikabidhi kwa mtindo mmoja: anarudi nyuma hatua tano, anaujia uzio mbio, anajibamiza nao kwa bega. Ukisimama, mwenye nyumba ruksa kusifia.

Kansa ikaja kumkaba koo. Ilianza kukataa nyama, ikakataa mkate, mwisho hata maji yakawa yanapita kwa kubembelezwa. Daktari, binti rika la kitinda mimba wake, hakumficha: uvimbe hautoki, ila njia inaweza kufunguliwa apate kula. Akamwonyesha kibomba cha waya mwembamba uliosukwa, kinachojitanua chenyewe kikishafika kooni. Stenti.

Mzee akakigeuzageuza kama mteja msumbufu.

"Nani kasuka hii?"

"Mashine, mzee."

"Inajionyesha. Uvimbe si utachomoza kwenye matundu kama majani kwenye uzio?"

"Ndiyo maana kimevikwa plastiki laini. Sasa kikivikwa kinateleza, kwa hiyo ncha zimepanuliwa zishike."

"Ungekuja karakana kwangu, mwanangu, ningekupa kazi."

Wakamwekea. Kesho yake chai ikashuka yenyewe, mzee machozi yakamtoka, akausingizia mvuke. Masharti: vyakula laini, atafune hadi basi, ashushie na maji.

Siku ya nne mkewe katoka kuanua nguo. Mzee akafunua sufuria, akaokota pande la nyama kama kiberiti, akalimeza zimazima.

Likakwama palepale. Hata mate yakawa yanarudi.

"Umefanya nini wewe?" mkewe akauliza, nguo bado mikononi.

"Nilikuwa... nakagua kazi."

"Kazi ya nani? Umeisuka wewe?"

Mbio hospitali. Daktari akashusha kamera, akaisukuma nyama taratibu mpaka tumboni. Stenti wala haikusogea. Mzee akaanza kutabasamu.

"Usicheke, mzee. Siku nyingine huenda nyama isisukumike. Utarudi kwenye kutema mate."

Tabasamu likafa.

Jioni mkewe akamwekea viazi vilivyopondwa, akakaa mbele yake macho kwenye taya kama askari wa zamu.

"Tafuna."

"Mke wangu, hivi vimeshapondwa. Nitafune nini?"

"Tafuna hivyohivyo."

Akatafuna kama mbuzi mwenye mawazo. Akameza, akanywa maji, akatulia kusikilizia. Vikashuka.

Mzee akamsogezea mkewe sahani. "Ongeza basi, unaona aibu gani?"