Masaa Matatu Niliyomdai Mke Wangu

Usinihurumie, msomaji. Rungu lililovunja mkono wa mke wangu nililishika mimi, na akili zangu timamu!

Ilikuwa miaka ya sabini, hapa kwetu Nyansiongo. Mke wangu, muuguzi, alikuwa amepelekwa London kusomea ukunga. Aliporudi, majirani walijaa nyumbani kumsikiliza.

"Mbali kote kule, bahari na jangwa, ndege ilitumia masaa manane tu," akasema. "Tumetoka saa tatu usiku, saa mbili asubuhi tuko uwanja wa ndege wa Embakasi."

Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa karani wa kupima majani chai, hesabu ndiyo iliyonipa unga. Nikahesabu kwa vidole. Kumi na moja!

Laiti ningeuliza pale pale!

Wiki hiyo panga likaniteleza shambani, likanikata muundi. Kidonda kikatunga usaha, homa ikapanda. Mama yangu akaninong'oneza neno ambalo kila Mkisii analiogopa: amasangia. Yaani mke akitoka nje ya ndoa, halafu mumewe aumie, akimkaribia tu mume anakufa.

Basi mke wangu akaingia na bandeji na sufuria ya maji moto.

"Simama hapo! Masaa matatu ulikuwa wapi?"

"Masaa gani, Baba Kemunto?"

"Umesema manane. Mimi nimepata kumi na moja. Ulishukia kwa nani?"

Maskini, alicheka! Alidhani namtania. "Kwani ndege ni basi ya Kisii, ishushe watu njiani? Saa ya kule iko nyuma. Jua likifika huku..."

Sikumwacha amalize. Kile kicheko kilinipandisha wazimu. Nilinyakua rungu lililokuwa kando yangu, nikalenga kichwa, akakinga kwa mkono wa kulia. Niliusikia mfupa ukivunjika! Akaangukia maji ya moto, nikampiga mgongo, nikampiga mbavu, huku nikifoka, "Mtaje! Mtaje huyo mwanaume!" Binti yetu Kemunto akaning'ang'ania mguu. Nikamtupa ukutani. Damu yangu mwenyewe!

Majirani ndio walionibwaga chini na kunifunga kamba. Mke wangu alipelekwa hospitali Kisii, na alipotoka, kaka zake wakamchukua pamoja na mtoto mpaka kwao Ekerenyo. Mimi kidonda kilipona kwa sindano. Hiyo ndiyo amasangia yangu!

Jioni moja nilikuwa nasikiliza redio. Mtangazaji aliyekuwa London akasema kwao ni saa tisa alasiri. Nikatazama saa yangu: kumi na mbili, ng'ombe wanaingia boma. Masaa matatu! Miaka yote nilikuwa nasikia maneno hayo, yakipitia sikio hili na kutokea lile. Nililia kama mtoto.

Nikaenda Ekerenyo, nikapiga magoti mbele ya wakwe zangu.

"Mama Kemunto, yale masaa nimeyaona. Hukuenda popote."

Hakunitukana. Alininyooshea ule mkono. Vidole vilikuwa vimekauka, havikunjiki.

"Mimi ni mkunga, Baba Kemunto. Mtoto wa watu nitampokea na nini?"

Hakurudi kwangu tena, wala hakurudi kazini.

Wanaume wenzangu, hasira hasara. Ukiwa na shaka na mkeo, weka rungu mbali ndipo umuulize. Na akianza kujibu, tafadhali, ngoja amalize.