Kadi ya Grafiki Kutoka Myamba

Dada yangu Nakiete huangalia runinga pua ikikaribia kugusa kioo. Tangu utotoni macho yake hayaoni mbali, miwani inamsaidia kidogo tu, na kwa magemu hana mpinzani pale nyumbani. Lakini kwenye runinga yetu ya zamani, ukisogea karibu namna ile unaona nini? Vidoadoa. Basi mjomba alipohamia Mwanza akatuachia runinga yake ya 4K, ile ambayo hata ukibandika pua picha haivunjiki, Nakiete akaniambia, "Kaka, sasa nitafutie kompyuta ya kuisukuma." Alitaka gemu moja tu, la kuendesha malori ya mizigo. "Lori la kweli hawatanipa maisha yangu yote," alisema, akacheka. Mimi sikucheka. Nikaanza safari.

Same mjini nilikuwa tayari nimepata kompyuta ya ofisini iliyotumika, nzima kabisa, ila kwa gemu la 4K ilikuwa haifui dafu. Kibubu changu kilitosha kuongeza kitu kimoja, au viwili vidogo, nikikosea basi tena. Nikawauliza vijana wa kutengeneza simu karibu na stendi. Mmoja akasema prosesa kwanza. Mwingine akaapa kwa Mungu kwamba ni RAM. Wa tatu akasema tafuta kadi kubwa ya grafiki, ile inayochora picha, mengine yatajipanga yenyewe. Ndiye aliyenitajia Mama Tumaini wa Myamba, anayehariri video za harusi, kwamba ana kadi mbili anauza. Nikampigia. Akajibu, "Njoo na kompyuta yako yote. Mimi siuzi kadi kwa simu."

Asubuhi ya Jumanne nikapanda basi la Ndungu, kompyuta nimeifunga kwa blanketi na kuipakata. Kondakta akanitazama. "Bro, hiyo keki ya harusi?" Nikamwambia ni bibi harusi mwenyewe. Milima ilikaa mkono wa kulia, nyika mkono wa kushoto, na kila shimo la barabara nililisikia moyoni kabla ya kulisikia kiunoni.

Ndungu palikuwa na joto na mpunga ulikuwa umesimama majini pande zote. Nikakodi bodaboda. Dereva alipoona nilivyokumbatia mzigo akauliza kama kuna mayai. "Kuna kitu ghali kuliko mayai," nikasema, akapanda mlima taratibu mpaka ukungu ukatupokea na mikono yangu ikaanza kufa ganzi kwa baridi.

Myamba, Mama Tumaini alikuwa mlangoni, mama wa makamo mwenye sweta na simu mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Weka hiyo chini, ule kwanza. Kompyuta haipoi, makande yanapoa."

Nikala makande nikimweleza habari za Nakiete, macho yakiwa mezani kwake, ambako zile kadi mbili zilikuwa zimelala juu ya kitambaa. Moja kubwa, feni tatu. Ya pili ya wastani. Nikamwambia nataka kubwa.

"Na pawa saplai, kisanduku cha kuilisha umeme?"

"Hii hii ya ofisini. Si inawaka?"

Hakubisha. Akaichomeka, akaunganisha nyaya, akafungua gemu. Lori likawaka, likatoka gereji, likafika njia panda. Pap! Giza. Akawasha tena. Pap!

"Sisi Wapare bwana," akasema, akijitia na yeye humo. "Umenunua ng'ombe, unabana kamba. Kadi hii inataka umeme kuliko huo."

Nikauliza je, nikiongeza prosesa? Akatikisa kichwa. Kwenye picha kubwa namna hii, akasema, mzigo mwingi unabebwa na kadi. Prosesa yangu ingetosha. Halafu akauliza swali ambalo hakuna kijana wa stendi aliyeniuliza.

"Huyo dada yako anashindana na watu?"

"Hapana. Anaendesha tu."

"Basi hana haja na kasi. Ana haja ya kuona."

Akatoa kadi kubwa, akaweka ile ya wastani pamoja na pawa saplai yake ya akiba, vyote viwili kwa bei ile ile ya kadi kubwa. Kwenye mipangilio ya gemu akapunguza vivuli na majani ya barabarani, ila 4K hakuigusa. Hapo mtu akaita kutoka nje: zamu ya Mama Tumaini ya maji imefika. Huku kwetu maji ya bwawa, ndiva, hukusanywa usiku na kugawanywa mashambani kwa zamu, na zamu haimsubiri mtu. Mama Tumaini akaegesha lori kando ya barabara, injini ikiunguruma kwenye kioo, akanikabidhi jembe.

"Tunaiacha hivyo hivyo. Tukirudi imezima, ondoka na hela zako."

Ndivani maji yakafunguliwa, nikaziba mfereji huku, nikafungua kule, viatu vikajaa tope. Kila mara niligeuka kutazama nyumba, kana kwamba ningeona kitu. "Mwanangu, maji yako huku!" akanifokea. Jirani alipokuja kupokea zamu nikapanda ule mteremko karibu mbio.

Lori lilikuwa linaunguruma. Nikapiga kelele kama mtu aliyefunga goli, na Mama Tumaini akacheka mpaka akakalia jembe.

Kesho yake nikateremka Ndungu, nikarudi Same. Wale vijana wa stendi nikawaambia nilichojifunza: kabla hujauliza kompyuta gani ina nguvu, uliza ni nani atakayeiangalia. Wakaniambia nimezeeka.

Nyumbani Nakiete akavuta kigoda, akabandika pua. Lori likatoka gereji kwa mwendo wa kobe, likashika barabara kuu. Nikakaa nyuma yake kwenye kochi, roho juu, nikingoja aseme haoni.

"Kaka, mvua inaanza."

Mimi na macho yangu mazima sikuona mvua yoyote. Nikasogea, nikapiga magoti kando yake, pua yangu nayo kiooni. Kweli, tone moja dogo kwenye kioo cha lori. Halafu la pili.

Nakiete akawasha waipa, zikafuta kioo, akaendelea na safari.