Upara Juu ya Paa la Mama Cibalonza

Bagula alijifunza kuezeka mara tatu, na kila mara alidhani amemaliza shule.

Mara ya kwanza ilikuwa Walungu, alikozaliwa, kwa baba yake, na mabati na misumari ya kofia. Bati lina mdomo wake: mvua ikifika linakuambia, na likitoboka unaona jua likichungulia kama jicho la jirani. Mara ya pili ilikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako paa lilikuwa turubai, na juu yake mawe ili upepo usije ukalibeba. Mara ya tatu ilikuwa Amerika, mjini Louisville, alipofika na mke wake Précieuse na masanduku mawili, wakapewa nyumba upande wa Iroquois. Kule dhoruba za masika hazina huruma. Mvua ya mawe ikishatwanga mapaa ya Iroquois na Shively kama mtu anayetwanga majani ya sombe, asubuhi yake kila mwenye ngazi ana kazi.

Huko alikutana na Salomon, mtu wa kwao, aliyemfundisha vigae vya lami, vile vyeusi vinavyopangwa kama magamba ya samaki.

"Weka kitu moja tu mu kichwa," Salomon alimwambia. "Maji inashuka. Kila kigae ilale juu ya mwenzake wa chini. Maji inashuka, ndugu yangu, haipandake hata siku moja."

Kwa neno hilo Bagula aliezeka miaka minne, na hakuna nyumba iliyomrudishia aibu. Kisha mama yake Précieuse akaletwa Buffalo, mji wa kaskazini kando ya ziwa, naye alikuwa mgonjwa, basi wakafunga vitu wakahamia huko kwenye baridi. Siku za juma Bagula alifanya kazi katika kiwanda cha madirisha. Jumamosi aliezekea watu wa kanisa. Alikuwa mtu wa kutembea akitazama juu, anagongana na watu njiani, na hata wakati wa maombi, wenzake wakifunga macho, yeye alikuwa akikagua dari. Mungu alimjua hivyo, na wala hakumchukia.

Mwezi wa tisa Mama Cibalonza alinunua nyumba. Mama huyu ni mjane wa miaka sitini na miwili, anayeenda majumbani mwa wazungu wazee kuwaogesha na kuwalisha. Alikuwa amehama mara saba katika maisha yake, na mara tano kati ya hizo alihama akikimbia. Nyumba aliyoipata ilikuwa ya mbao, ya zamani sana, na paa lake lilikuwa limechoka. Bagula alilivua lote akaliezeka upya. Siku ya kuibariki nyumba, mchungaji aliposema amina na watu wakala wali na kuku wakashiba, Bagula alisimama. Furaha ilikuwa imempanda.

"Wapendwa," alisema, "hii paa ikivuja, musiniite tena fundi. Muniite Bagula tu!"

Watu wakapiga makofi. Ndivyo mdomo unavyoponza kichwa.

Mwezi wa kumi na mbili, theluji ya kwanza itokayo ziwani ilipoanguka siku mbili bila kupumua, simu ililia: Mama Cibalonza.

"Bon, baba Bagula, maji inaanguka juu ya kitanda yangu."

Alikwenda, akaziba kando ya bomba la moshi. Wiki tatu baadaye maji yakarudi. Akabadilisha vigae vya upande wa chini, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Maji yakarudi. Na kanisani shemasi Jovini, mtu asiyeacha mzaha umpite, alimsimamia mlangoni na kumnyooshea mkono.

"Bwana asifiwe, Bagula tu!"

"Asifiwe milele, shemasi."

"Leo tule pale kwa Mama Cibalonza? Tuje na mwavuli?"

Bagula alicheka kwa meno, moyo haukucheka. Jina la fundi ni kama yai, na yeye alikuwa amelirusha hewani mwenyewe mbele ya watu.

Lakini jambo kubwa halikuwa jina lake. Jambo kubwa lilikuwa Sandrine, binti pekee wa Mama Cibalonza, anayekaa mbali, mjini Columbus. Alhamisi moja Bagula alikuwa pale chumbani, anaangalia doa la maji lililopanuka darini na sufuria ya kusongea fufu iliyowekwa kitandani kulipokea tone, tap, tap. Binti akapiga simu, na mama akaiweka kwa sauti kubwa.

"Mama, njoo Columbus," Sandrine alisema. "Huku ni apatimenti. Juu yako hakuna paa, kuna jirani tu."

"Mimi niko na nyumba yangu, Sandrine."

"Nyumba gani inakunyeshea kitandani? Una miaka sitini na mbili, utaugua mapafu. Tonton Bagula yuko hapo?"

"Niko, binti."

"Tonton, wewe ni kama mjomba wangu, nakuheshimu sana. Lakini Jumamosi nakuja na gari kubwa. Nikikuta hata tone moja, Mama anapanda, vitu vinapanda, na nyumba tunauza."

Simu ikakatika. Mama Cibalonza alipangusa tone kwenye mto kwa kiganja, polepole, kama anayepangusa uso wa mtoto.

"Nilisema hapa ndipo nitakufia," alisema. "Sasa ninahama mara ya nane?"

"Mama, niruhusu nipande pale juu, chini ya paa. Niangalie kwa ndani."

"Pale juu hapana." Alisema kwa upole, lakini alisema. "Pale ni pangu mimi na Mungu."

Bagula alidhani amehifadhi huko vitu vya marehemu mumewe. Na kwao mtu hamwingilii mama wa rika la mama yake chumba cha ndani. Tangu mwezi wa kumi mlango wa kule juu ulikuwa umefungwa, naye hakuwahi kuuliza mara mbili.

Jioni alimpigia Salomon, Louisville.

"Ndugu, maji inatoka wapi? Vigae ni vipya. Jua haikuwaka, mvua hakuna, ni theluji tu imekaa kule."

"Weye ndio ulienda kukaa mu frigo," Salomon alicheka. "Huku kwetu barafu iko mu glasi ya juisi. Donc, sijui, kaka. Angalia nyumba ya jirani. Yeye anavuja?"

Neno hilo Bagula alilala nalo. Ijumaa, kabla ya zamu ya kiwanda, jua likianza kutoka, alisimama ng'ambo ya barabara. Hakuitazama nyumba ya Mama Cibalonza. Aliitazama ya kushoto, kisha ya kulia. Mapaa yote mawili yalikuwa meupe, theluji imelala kimo cha goti, laini kama unga. Halafu akatazama lile la katikati.

Paa la Mama Cibalonza lilikuwa na upara. Vigae vyeusi vilikuwa wazi katikati, vinatoa mvuke mwembamba kama mgongo wa ng'ombe asubuhi. Chini, ukingoni mwa paa, kulikuwa na ukuta wa barafu mnene, na kutoka hapo michirizi ya barafu ilining'inia mirefu kama mkono wa mtu.

Bagula aliushika ukweli pale pale. Kitu fulani kilikuwa kinapasha paa joto kutoka ndani. Theluji inayeyuka, maji yanashuka, yanafika ukingoni kwenye baridi, yanaganda. Yanayofuata yanakuta ukuta, hayana pa kwenda, yanajaa nyuma yake kama bwawa, na bwawa likijaa maji yanarudi nyuma. Yanapanda chini ya kigae. Yanapanda! Louisville hawajui jambo hili. Naye aliyekuja na akili ya Louisville alikuwa ameweka ukingoni, chini ya vigae, ile karatasi ya kunata inayozuia maji upana mmoja tu, hapo mahali panapotaka upana mkubwa zaidi.

Alivuka barabara, akagonga, mlango ulikuwa wazi. Akaita, "Mama!" Hakuna jibu. Juu kabisa alisikia mvumo kama wa nyuki. Alipanda ngazi ya kwanza, ya pili, akasimama mbele ya ule mlango uliofungwa, akavua kofia, na akabisha.

Mlango ukafunguka, na joto likampiga usoni kama la tanuri.

Wanawake kumi na wawili walikuwa wameketi kwenye mikeka, makoti wamevua, leso mkononi, jasho kwenye paji la uso. Katikati kulikuwa na hita mbili za umeme, nyekundu. Kila tundu la hewa chini ya paa lilikuwa limezibwa kwa mablanketi na maliputa, vitenge vya zamani, hata moja halikusahauliwa. Na katika kona ya mwisho, akijipepea kwa kitabu cha nyimbo, alikuwa amekaa mke wake.

"Précieuse!"

"Sss," Précieuse alisema. "Tuko tunasali."

"Kila asubuhi unaniambia unaenda kusali, nikafikiri ni kanisani!"

"Nilikuambia nasali wapi? Uliuliza?"

Mama Cibalonza alisimama kwa shida, magoti yamekakamaa kwa kukaa sana. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekutwa anakula sukari.

"Baba Bagula, tuliweka agano," alisema. "Mtu akisali ajifungie, asitangaze. Tunaombea watoto waliobaki kule nyumbani. Basi hatukusema kwa mtu."

"Mama," alisema Bagula, "mimi sina neno na maombi. Lakini hizi hita... ni zenyewe zinaleta maji kitandani kwako."

Mwanamke mmoja akasema, "Yesu." Bagula akawaeleza kwa mikono: hii ndiyo theluji, hili ndilo joto, huu ndio ukuta. Aliwaomba wawili waje dirishani watazame paa la jirani, halafu wakatoka nje wote na makoti wakatazama lao.

Mama Cibalonza alisimama barabarani, mkono kwenye shavu.

"Sisi tulikuwa tunaficha maombi," alisema, "kumbe theluji ilikuwa inatangaza mtaa mzima."

Mmoja akaanza kucheka, wa pili akadaka, na punde wanawake kumi na wawili walikuwa wanashikana mabega pale kwenye barafu. Hata Bagula alicheka, na safari hii moyo ulikuwamo.

"Na Mungu atatusikia sebuleni?" aliuliza Mama.

"Mama, alimsikia Yona mu tumbo ya samaki. Sebule iko na kochi."

Aliomba ruhusa kazini. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na redio ilisema ziwa linaleta theluji nyingine usiku. Hakukuwa na nafasi ya kukaa. Wanawake walizima hita, wakachomoa mablanketi na maliputa, na upepo ukaingia chini ya paa ukipiga mluzi. Bagula alileta mizigo ya ile pamba ya nyumba, ya rangi ya waridi, inayowasha mikono, akaitandaza sakafuni kule juu ili joto la vyumba lisipande. Wanawake walimpitishia ngazini, wakiimba na kujikuna.

Ulibaki ukuta wa barafu. Mtu akiupiga nyundo anavunja vigae. Bagula alikuwa amesikia kiwandani dawa ya wenyeji: chumvi ya kuyeyushia barafu, uijaze ndani ya soksi ndefu ya mwanamke, uilaze juu ya ukuta, itachimba mfereji, maji yatoke.

Alisema neno "soksi" akitazama viatu vyake.

"Anataka nini?" aliuliza mama mmoja asiyesikia vizuri.

"Soksi zetu za kanisani!" Précieuse alimpigia kelele sikioni.

Zikaletwa, nyeusi, za rangi ya maziwa, moja hata yenye maua. Bagula alijifunga kamba, akapanda ngazi, akazilaza mojamoja juu ya barafu, zimejaa chumvi, nono kama miguu ya watu. Jirani aliyekuwa anazoa theluji mlangoni pake aliacha koleo akatazama paa la mjane likiota miguu. Kabla ya giza mifereji ilifunguka, na maji yakaanza kutiririka nje, mahali pake, kwenda chini.

"Kiangazi nitavua ukingo wote nirudie karatasi," alimwambia Mama. "Hilo kosa ni langu, si la maombi."

"Tutalibeba wote, mwanangu," alisema.

Theluji ilianguka usiku kucha. Sandrine alifika saa tisa alasiri ya Jumamosi, macho mekundu kwa safari, gari kubwa tupu limeegeshwa nyuma yake. Hakusalimia sana. Alivua viatu, akapanda juu ya kitanda cha mama yake, akanyoosha kiganja akakibandika darini. Bagula alisimama mlangoni. Mama Cibalonza aliketi kwenye kiti, mikono mapajani. Sandrine alisogeza kiganja kwenye doa lote, ukingo kwa ukingo, kama daktari. Akajitazama mkono. Akabandika tena.

"Kukavu," alisema, na sauti ilikuwa kama ya mtu aliyenyang'anywa hoja yake.

Alitoka nje na soksi tupu miguuni, akatazama paa. Lilikuwa jeupe kutoka juu hadi chini, sawa na la kushoto, sawa na la kulia, huwezi kulitofautisha.

"Sawa, Mama," alisema aliporudi ndani. "Kaa. Mimi nimechoka, nalala hapa sebuleni kwenye kochi."

Mama yake alitaka kumwambia jambo, akaona amekwisha kusinzia, akamfunika.

Jumapili kabla ya ibada Bagula alisimama tena ng'ambo ya barabara, chai mkononi, anahakikisha upara haujarudi. Aliwaona wanawake wakiingia mmoja baada ya mwingine, Précieuse wa mwisho, wakikung'uta viatu. Kupitia dirisha la sebule aliona blanketi kwenye kochi likiruka, kichwa cha Sandrine kikatokea, nywele zimesimama, kikatazama wale mama kumi na wawili waliomzunguka, kikarudi chini ya blanketi haraka. Wakaanza wimbo. Ubeti wa kwanza blanketi lilitulia kabisa. Ubeti wa pili, kutoka chini yake, sauti ya kike ya chini, nzito kwa usingizi, ikaingia mahali pake bila kukosea hata neno.

Bagula alimaliza chai yake, akatazama paa mara moja tena, akaenda kuvaa suti.