Mwaka Niliokatazwa Kucheza

Nakumbuka alasiri moja kule Juru, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, mwanangu, baba aliporudi kutoka mkutanoni akiwa amebadilika uso. Nakuita mwanangu, Bahati, ingawa sijafikia umri wa kukuzaa. Nimelifikiria neno hilo sana, na sikupata jingine linalomfaa kocha anapomwandikia mchezaji wake. Alasiri hiyo baba alitukalisha chini akatuambia kwamba kesi yetu ya kuhamishiwa nchi nyingine imeanza kusonga. Tungeitwa kupimwa afya, kisha tungepanda ndege kwenda kuishi Ulaya. Halafu akanigeukia mimi na kusema kuwa tangu leo sichezi mpira tena. Nikivunjika mguu, daktari atasimamisha safari ya nyumba nzima.

Nilikuwa msichana mwenye mbio kuliko wavulana wengi wa kijiji chetu. Sasa nilikaa nje ya uwanja nimekunja magoti, na wenzangu hawakunionea huruma. Nahodha wetu, Amani, alipita karibu yangu akasema, "Muache mutu wa ndege apumzike. Ataenda kucheza na bazungu." Wote wakacheka. Nilicheka pia, kwa sababu niliamini kwamba ni kweli.

Baba naye aliacha kulima. Aliuza mbuzi wetu, akawa anashinda mlangoni na simu mkononi. Aliyeendelea kwenda shambani ni shangazi Nabintu, dada yake mkubwa, ambaye jina lake lilikuwa kwenye kesi ileile. Jioni moja alinikuta pale nje ya uwanja, jembe lake begani, akauliza kwa nini nimekaa kama mgonjwa. Nikamweleza kwamba nangoja safari.

"Uko fasi gani leo?" akaniuliza.

"Niko hapa, shangazi."

"Basi fanya kitu ya hapa. Baba yako alikukataza kukimbia. Kinywa hakufunga."

Hakutabasamu. Aliweka jembe sawa begani akaenda zake. Maneno yale yaliniuma kwa muda mrefu, maana mimi ni mtu wa kulichambua neno hadi linachakaa.

Kulikuwa na watoto wadogo ambao wakubwa waliwafukuza uwanjani kila siku. Niliwapeleka kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, tukasimamisha mabua yawe magoli. Nilikaa juu ya kichuguu nikiwaelekeza kwa sauti: huyu asogee, yule asimkanyage mwenzake, wote wasikimbilie mpira mmoja kama kuku. Kati yao alikuwemo mtoto wa Kirundi aliyefika karibuni, asiyesema na mtu. Niligundua kwamba kabla mpira haujamfikia, alikwisha kutazama nafasi iliyo wazi. Nilishangaa. Nilikuwa nimecheza miaka yote hiyo na sikuwahi kumwona mchezaji mwingine. Nilikuwa nauona mpira tu.

Sitaki udhani kwamba mambo yaliisha vizuri. Hatukuitwa kupimwa. Shangazi aliugua akafa maharagwe yake yakiwa bado shambani, na msimu ule hatukuwa na kitu kingine cha kula. Baba aliponiruhusu kucheza tena, mbio zangu zilikuwa zimekwisha na wenzangu walikwisha kunizoea nikiwa nje. Baba anakaa mlangoni mpaka leo, na simu yake haizimwi. Mimi nilisoma, nikapata shahada mjini Mbarara. Siku za wiki nafundisha mpira watoto wa Kakoba, huko huko mjini, na Jumamosi napanda gari kuja kwenu Juru kuwafundisha ninyi. Njiani huwa najiuliza ningekuwa mchezaji wa namna gani. Sijapata jibu, na sasa hakuna wa kunipa.

Jumamosi iliyopita nilikukuta umekaa nje ya uwanja, umevaa sweta. Ulisema baba yako ameitwa kuhojiwa juu ya safari, na amekukataza kucheza usije ukaumia. Nilijifanya naenda kuufuata mpira.

Sasa nakujibu. Usimkaidi baba yako. Mimi nitakwenda kuzungumza naye, ingawa naogopa, na huenda asinisikilize. Mtu aliyekimbia vita ana sababu ya kuogopa hata mguu wa mwanawe. Lakini usikae vile. Njoo uwachukue wale wadogo ambao mimi, nikija Jumamosi tu, siwezi kuwafikia. Wapange, wakemee, watazame mmoja mmoja mpaka ujue nani anaogopa na nani hajala. Mkiondoka, utaondoka na macho hayo, na hakuna ofisi itakayokunyang'anya. Msipoondoka, nami siwezi kukuahidi kwamba mtaondoka, mwaka huu hautakuwa umepita bila wewe.

Mungu awafungulie njia, wewe na wazazi wako. Na ikichelewa kufunguka, mwanangu, akutunze papo hapo Juru, miguu yako na moyo wako.