Unga Usiolia

Saa mbili asubuhi, kwenye karakana moja mtaani Kinyinya. Nyiramana, mwenye miaka sitini na moja, anatia kijiko cha unga kwenye kikombe cha bati, anadondoshea maji, kisha anainamisha sikio kama mtu anayesikiliza umbea wa chumba cha pili.

Unga mzuri hulia. Hutoa "chsss", na kikombe kikachoma vidole. Unga huo ndio kichocheo cha karakana hii: hukorogwa pamoja na spiriti ndani ya mafuta yaliyokwisha kukaanga viazi, yakageuka dizeli ya jenereta.

Unga wenyewe ni maganda ya mayai. Kwa miaka minne Nyiramana ameyazoa kwenye vibanda vya chapati, akayaosha, akayaanika, akayachoma, akayatwanga. Vijana wa mtaani humtania: "Mama Maganda, kuku wako wanataga lini?"

"Siku utakapooa," huwajibu.

Yeye mwenyewe hajala yai tangu Pasaka.

Maganda yanataka moto mkali wa kutwa nzima, mpaka yawe meupe pe. Alikuwa akiyafukia kwa chungu ndani ya tanuru la matofali kule bondeni, kwa hisani ya wachomaji. Mwezi wa pili tanuru likabomolewa, panajengwa nyumba. "Matofali waliyoyachoma ndiyo yaliyowafukuza," anasema.

Tangu hapo anatumia jiko la makaa. Amepepea mpaka bega limevimba, na maganda bado yanatoka ya kijivu. Mara mbili unga haukulia. Bertrand, mwenye karakana, alimwambia kwamba mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Unga ukinyamaza tena, ataagiza kichocheo cha kiwandani, na kibarua cha faranga elfu mbili kwa siku, ndicho kinacholipia chumba anachopanga Nyiramana, kitakuwa kimeota mbawa.

Leo ndiyo mara ya tatu.

"Mama, hii iko kimya," anasema Bertrand taratibu.

"Ngoja kidogo. Labda inalia kwa ndani, kama mimi."

Wanangoja. Bertrand anagusa kikombe. Baridi. Anavua kofia, anaivaa tena, anaingia ndani kupiga simu.

Nyiramana anafunga mdomo wa gunia lake. Sasa ana mpango gani?

"Nitatafuta kuku mmoja. Kuku anakula maganda yaliyosagwa. Chakula chake ninacho cha mwaka mzima."

Na mwenye nyumba, asiyetaka kuku uani?

"Mwezi ujao hatakuwa mwenye nyumba wangu."