Mti wa Mama Kando ya Barabara

Siku ile naikumbuka kwa jua lake, mwanangu. Ilikuwa Januari, nami nilikuwa msichana wa kutumwatumwa, nimekaa na mama kando ya barabara hapa mjini Kakamega tukiuza mrenda na kunde. Kufika saa nne mboga zilikuwa zimeshanyauka. Lami ilitoa joto mpaka macho yakawasha, na mtoto wa jirani yetu, aliyelazwa juu ya gunia, alilia hadi sauti ikamkauka. Mama alimlowesha kichwa kwa maji ya kunyunyizia mboga, akasema, "Hapa tunahitaji mti."

Usicheke. Neno hilo lilikuwa zito siku zile, maana kwetu mwanamke hakuruhusiwa kupanda mti. Akipanda, ilisemwa, mume wake atakufa. Kwa hiyo mama alimwomba baba apande yeye. Baba alikuwa mtu wa utani. "Miti imejaa huko Isecheno, msitu mzima, na wewe unataka wa barabarani? Nani hupandanga mti mahali hana shamba?" Mama alimbembeleza, alimbembeleza tena, kisha akaacha. Mvua ilipofika akachimba shimo mwenyewe, akapanda lusiola, ule mti wetu wenye maua ya manjano, akauzungushia miiba ili mbuzi wasiule.

Mti ulikua. Ulipoanza kutoa kivuli cha kutosha watoto kulala, baba akashikwa na kifua. Mama alimuuguza, akamwosha, akamnywesha uji kwa kijiko, lakini hakupona.

Matangani, baba mdogo Ambani, ndugu yake baba, alisimama mbele ya watu wote na panga mkononi. "Shemeji, huo mti wako ndio umekula ndugu yangu. Enda uukate, halafu ukuje ukae kando ya jeneza. Ukikataa, kaa jikoni."

Nilimshika mama mkono nikamsihi aukate, yaishe. Mti ni mti tu, nilimwambia. Alinitazama kwa huzuni ambayo sijaisahau. "Nikiukata, Roselida, nitakuwa nimekubali kwamba nilimuua baba yako." Akaingia jikoni. Baba alizikwa mama akisikiliza nyimbo kupitia ukuta wa udongo, hakumtupia mumewe hata kiganja cha mchanga kaburini. Jambo hilo lilimuuma mpaka alipokufa, na mimi linaniuma bado.

Miaka ikapita. Mchana mmoja wa kiangazi nikamkuta baba mdogo huyo huyo amekaa chini ya mti wetu, akijipepea kwa kofia. Damu ilinichemka. Nikamwambia aondoke, akatafute kivuli chake. Mama aliinuka kutoka kwenye mboga zake akanikaripia mbele ya watu.

"Koma! Huyo ni baba yako. Jua linamchoma kama linavyokuchoma wewe. Sikupanda mti wa watu wazuri peke yao."

Kisha akampa maji. Baba mdogo alikunywa, akaangalia chini. Mimi nilitaka aombe msamaha. Hakuomba kamwe, na mama hakumdai.

Mwaka jana, mama akiwa ameshatutoka zamani, barabara ilipanuliwa, na miti yote ya upande ule ikaangushwa kwa asubuhi moja. Nilifika nikakuta kisiki kibichi, na wanawake wamekaa palepale chini ya miavuli iliyotoboka, wakinyunyizia mboga maji. Kijana mwenye msumeno wa injini aliniuliza kwa heshima, kama mjukuu amwitavyo bibi yake, "Kukhu, umepoteza kitu?" Nikamwambia ndiyo. Nikalia pale barabarani bila haya, mwanamke mzima wa mvi. Yule kijana hakuwa na ubaya. Hakuna aliyewahi kumwambia nani aliupanda mti ule, wala alinyimwa nini kwa ajili yake.

Basi ninachokuambia ni hiki, mwanangu. Mji wetu unazidi kuwa wa lami na mabati, na joto lake si lile la utoto wangu. Tusijidanganye kwamba msitu wa Isecheno utampoza mtu anayesimama hapa mjini saa nane mchana. Panda mti mahali watu wanapopita, hata kama ardhi si yako, hata kama atakayepumzika hapo amekukosea. Wakija wenye ramani za barabara, nenda kwenye mkutano wao mapema, useme miti iachiwe nafasi. Mimi nilienda na machozi wakati mti umeshalala chini, na machozi hayasaidii kisiki. Na usikubali hata siku moja kuambiwa kwamba mikono ya mwanamke inaua.

Mungu akubariki, binti yangu. Akupe mvua kwa wakati wake. Uchimbe shimo kwa mikono yako, mumeo akushikie mche, na mkae kwenye kivuli hicho nyote wawili mpaka mzeeke.